Mpangaji wa Chumba Changu cha Kulala

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Uwekezaji,

Salamu, na pole kwa kazi ya kuwatajirisha watu usiowajua. Mimi ni karani mstaafu na msomaji wako mtiifu. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, ndani ya stoo ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu nilifuata ushauri wako neno kwa neno.

Uliandika kwamba anayetaka kuanza biashara ya nyumba za kupangisha asingoje kiwanja, aanze na paa alilonalo. Nikaanza. Chumba cha watoto, ambao wamekwisha kuoa na kuolewa, nikampa muuguzi. Sebule nikampa fundi saa. Kikabaki chumba chetu cha kulala, kikubwa kuliko vyote. Nikabandika tangazo mlangoni. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alilisoma, akalibandua, akaniletea kodi ya miezi sita pamoja na kalamu ya kutia sahihi. Nilidhani ni utani, nikapokea, nikatia sahihi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkataba niliunakili kutoka gazetini mwako. Unasema chumba ni cha mtu mmoja. Mtu huyo si mimi.

2. Mkataba unasema wageni waondoke saa kumi na mbili jioni. Nikienda kumwona mke wangu, fundi saa hutazama saa. Anazo kumi na nne, na zote zinakubaliana.

3. Unasema mwenye nyumba asiingie chumba cha mpangaji bila taarifa ya maandishi ya siku tatu. Nimeandika nne, na muuguzi ndiye aliyenipelekea. Tatu hazikujibiwa. Ya nne ilirudi na maneno haya: "Sababu ya ukaguzi haijaelezwa." Sasa sababu hiyo nitaielezaje kwenye karatasi inayopita mikononi mwa muuguzi?

4. Mke wangu amepaka ukuta rangi, na dirisha lililokwama miaka tisa sasa linafunguka. Bomba likivuja, wapangaji wenzake wanamgongea yeye, wananipita mimi hapa stoo.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kwa miaka thelathini na mmoja aliniita Baba Watoto. Sasa ananiita Mwenye Nyumba, kwa heshima zote, akiwa amesimama kizingitini. Nina hamu naye, ndugu Mhariri, na ninamsikia akipiga cherehani upande wa pili wa ukuta.

Najua mchimba kisima huingia mwenyewe. Hata hivyo naomba uchapishe sahihisho, kwa herufi nzito, kwamba mke wa mwenye nyumba hahesabiwi kuwa mpangaji. Ikishindikana, nielekeze namna ya kumpa notisi ya kuhama bila yeye kuhama.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, na mkeo pia, kama bado mnakaa chumba kimoja.

Wako katika uwekezaji,
Mwenye Nyumba (Stoo)

N.B. Barua hii usiichapishe. Mpangaji ameisoma kabla sijafunga bahasha, akasema mlango wake haujafungwa kwa ufunguo tangu siku ya kwanza, alikuwa akingoja tu nijaribu kitasa. Nimejaribu. Ni kweli. Kwa hiyo stoo sasa iko wazi. Ukimjua mtu mpole anayetafuta chumba, mwambie aje, ila aonane na Mama Watoto. Mikataba sasa anaandika yeye.