Saiti Mira za Nkende

Faraji hakuwa mgonjwa. Alikaa kwenye benchi la zahanati pale Mugumu kwa sababu lilikuwa kivulini, na kwa sababu wagonjwa hawana pa kukimbilia mtu akianza kuwapigia soga. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mashati mawili ya maana, pikipiki moja, na ulimi ambao babu yake alikuja nao kutoka Tanga pamoja na cherehani. Cherehani iliuzwa zamani, kwa hiyo urithi uliobaki ulikuwa huo ulimi.

Asubuhi hiyo dereva mmoja wa bodaboda alitoka chumba cha nesi amekakamaa shingo kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji. Nesi Rhoda, mwanamke wa Mbeya asiyependa kurudia maneno, alimfuata mpaka mlangoni akimweleza kuwa vidonge vile ni vya siku tatu tu, kwani ugonjwa wenyewe uko kwenye pikipiki. Ameng'oa saiti mira, vile vioo vya pembeni, ndiyo maana kutwa nzima anageuza shingo kuangalia nyuma. Avirudishe.

"Mugumu nzima tumeng'oa, nesi," dereva alisema. "Pikipiki yenye masikio inaonekana ya mwalimu."

"Basi walimu hawaumwi shingo," Rhoda akajibu, na akaita mgonjwa mwingine.

Faraji aliinuka kwenye benchi kwa heshima zote, kama mtu aliyetoka kusikiliza mahubiri. Mji mzima hauna vioo! Mji mzima unaumwa shingo! Na yeye, kwa mwezi mzima, alikuwa akiwinda fremu ya duka pale jirani na stendi, mali ya bibi mmoja muuza spea aitwaye Rukaya. Aliitaka fremu ile kwa dhati. Alishachoka kuhama mji kila watu walipoanza kumjua vizuri, na usiku aliota kibao kilichoandikwa FARAJI SPEA kwa rangi nyekundu. Rukaya hakutaka kodi ya awali. Alitaka kuona mali. Kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata, alisema, shelfu mbili ziwe zimejaa, la sivyo fremu inapewa mwingine.

Mali Faraji hakuwa nayo, lakini alijua ilipo. Kule Tarime, karibu na mpaka, trafiki hacheki na pikipiki isiyo na vioo, kwa hiyo madereva wote wanavyo.

Jumamosi akawa Nkende, huko huko Tarime, kwenye kijiwe cha bodaboda, amevaa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, akijiita daktari wa shingo. Mwenyekiti wa kijiwe aliitwa Heche, jitu la miraba minne ambalo kichwa chake kilikuwa kimeinamia kulia. Heche alikuwa na tabia ya kuendesha huku simu ameibana kati ya sikio na bega, akipatana bei na abiria wa kesho wakati wa leo bado yuko nyuma yake. Faraji aliiona ile simu na akajua papo hapo shingo inamuuma kwa nini. Alinyamaza. Ushauri wa kweli, kwa uzoefu wake, haukuwahi kumlipa mtu.

Badala yake alianza darasa. Aliwauliza wangapi wanaumwa shingo, mikono ikainuka mingi. Aliwauliza kama wamewahi kuona ndege mwenye masikio makubwa. Hawajawahi. Kisha akashika saiti mira ya Heche kwa vidole viwili, kama kitu kichafu.

"Upepo unapiga kioo, kioo kinavuta usukani, usukani unavuta mkono, mkono unavuta bega. Na bega limeungana na nini?"

"Na shingo," wakaitika.

"Na trafiki je, mura?" Heche akauliza, akimwita kijana kwa Kikurya. "Atatuacha?"

"Wiki moja tu, mwenyekiti. Shingo ipumzike. Mpite njia za ndani, mimi ninavihifadhi, Jumamosi ijayo anayevitaka namrudishia mwenyewe."

Kwa nini visibaki kwao? Faraji alikuwa na jibu. Mtu anayeacha sigara, aliwauliza, anaweka pakiti mfukoni? Wakacheka, na aliyecheka Nkende ameshakubali. Spana zikatoka. Madereva thelathini na mmoja walifungua vioo vyao wenyewe, wakavifunga kwenye viroba wenyewe, na mmoja akaongeza mpira wa kufungia mzigo ili daktari asipate shida njiani. Heche alimnunulia chai na chapati mbili.

Huyo Faraji akaikamata njia ya Nyamongo na saiti mira sitini na mbili mgongoni, anapiga mluzi. Usiku huo na Jumapili kutwa alikaa chumbani kwake Mugumu na kipande cha msasa, akifuta majina ambayo wenyewe walikuwa wamekwaruza nyuma ya vioo. Jumatatu akavipanga kwenye shelfu za Rukaya.

Rukaya alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa Mugumu kwa mama na wa pwani kwa baba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alivaa miwani, akatazama shelfu moja, akatazama nyingine, akasifu. Ila alikuwa na ushauri kidogo, kama mwanangu hatajali.

"Usiuze hata kimoja mpaka Ijumaa. Kwanza watangazie. Zunguka vijiwe vyote uwaeleze habari ya shingo mpaka wakione kioo kama maji. Ijumaa tunafungua wote wakiwa na kiu."

"Mama, wewe ungezaliwa mwanaume ungekuwa mbunge."

"Nimezaliwa mwanamke nina maduka matatu," Rukaya alisema, akafunga fremu na kuweka ufunguo kwenye mkoba wake.

Faraji akaingia kazini. Alihubiri stendi, alihubiri sokoni, alihubiri mpaka barabara ya kwenda Ikoma, kwa madereva wanaopeleka wafanyakazi kwenye hoteli za watalii. Safari hii alikariri maneno ya Nesi Rhoda neno kwa neno, na yalivyokuwa ya kweli yalimtoka kwa urahisi uliomshangaza. Kufikia Jumatano, Mugumu hakukuwa na dereva asiyejua idadi ya mara anazogeuza shingo kwa siku.

Rukaya naye, Jumatatu ile ile jioni, alirudi kwenye fremu peke yake. Alichukua kioo kimoja kimoja akavigeuza. Sitini na kimoja vilikuwa vimesuguliwa vizuri. Kimoja kilimponyoka Faraji, na nyuma yake kulikuwa na jina Heche na namba ya simu. Rukaya akapiga.

Heche alipokea akiwa ameibana simu begani, akaguna kwa maumivu, akaihamishia mkononi. Hali ya Nkende, alieleza, ilikuwa mbaya. Siku mbili bila vioo na wote thelathini na mmoja shingo zimekaza. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akiumwa upande mmoja, sasa anaumwa pande zote. Wawili wameshakamatwa na trafiki. Walikuwa wanamngoja daktari kwa hamu, na baadhi walishachagua fimbo.

Rukaya alimwambia fimbo ziachwe nyumbani. Waje Ijumaa asubuhi, wavae helmeti, zile wanazoning'iniza kwenye kiwiko, na mazungumzo wamwachie mtu ambaye Faraji hajawahi kumwona.

Ijumaa saa tatu asubuhi Rukaya alimpa ufunguo, na Faraji akafungua mlango wa fremu kwa bismillahi. Kabla hajashusha mkono, pikipiki zikaanza kuingia, moja, tano, ishirini, zimejaa vumbi jekundu, madereva wamefunika nyuso kwa helmeti na majaketi wameyavaa kinyumenyume kuzuia upepo. Hakuna iliyokuwa na kioo. Machozi yalimlengalenga. Aliona kibao chake waziwazi, mpaka ukubwa wa herufi.

Aliyesema alikuwa kijana mrefu aitwaye Ryoba, aliyepakiwa nyuma ya mmoja wao, ambaye siku ya darasa la Nkende alikuwa Gorong'a kwenye mavuno. Alieleza kwa upole kuwa wanatoka upande wa Ikoma, wanafanya kazi kwa tajiri mmoja, na tajiri anataka kununua vioo vya wote kwa mkupuo. Sharti lake moja: wavijaribu kwanza mpaka geti la Ikoma na kurudi, waone kama kweli shingo inapona.

Faraji alisita. Kutoa mali bila fedha kulikuwa kinyume na dini yake yote ya kazi.

"Hawa nawajua," Rukaya akasema kutoka mlangoni. "Mimi ndiye mdhamini wao."

Basi. Faraji akavua shati jeupe na kushika spana. Alipiga magoti mbele ya pikipiki thelathini na moja akafunga vioo sitini na mbili, na hakuna fundi aliyewahi kufanya kazi ile kwa moyo kama yeye. Kila dereva alimkalisha akamwekea kioo mpaka aone barabara ya nyuma na kipande kidogo cha bega lake. Aliwaambia wasogee mbele viwiko vikunjike, washushe mabega, wasitoe kidevu mbele kama jogoo anayewika. Helmeti isilegee wala isiwe nzito. Kila baada ya mwendo mrefu washuke, wazungushe mabega, wanywe maji. Kwa dereva mmoja mwenye miraba minne, aliyeinamia kulia na kunyamaza kabisa, alichukua muda zaidi.

"Na wewe kaka, kama una tabia ya kubana simu begani, acha. Hiyo ndiyo itakuua shingo kuliko kitu chochote."

Yule mtu akaitika kwa kichwa, polepole.

Injini zikawaka zote. Lakini kwenye barabara kuu hawakukata kwenda Ikoma. Walishika njia ya Nyamongo, ya kurudi Tarime, na wa mwisho akainua helmeti.

"Asante daktari," Heche alisema. "Ile ya simu ungeniambia siku ile ya chapati."

Vumbi likatulia. Faraji alibaki amepiga magoti, spana mkononi, shelfu mbili tupu nyuma yake. Alipogeuka akamkuta Rukaya anakata utepe wa boksi. Yalikuwa maboksi matatu ya saiti mira mpya, yaliyokaa stoo tangu mwaka juzi kwa kuwa Mugumu hapakuwa na mtu wa kuyataka. Na kutoka upande wa sokoni, madereva wa Mugumu walikuwa wanakuja, kundi zima, kila mmoja ameshika shingo.

"Fremu nitaitumia mwenyewe," Rukaya alisema. "Ila fundi wa kufunga sina, na wewe nimeona unafunga vizuri. Utalipwa kwa siku. Ukikataa, namba ya Heche ninayo."

Faraji aliikaza spana kwenye nati ya kwanza. Alikuwa ameshapigwa mara nyingi maishani na hakuwahi kulalamika, maana kazi ndiyo hiyo. Ila safari hii ilimuuma. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa amewaambia watu wa Mugumu ukweli mtupu, na ndio uliomtajirisha Rukaya.