Sanduku la Herufi na Baiskeli ya Beni

Mwaka mmoja baada ya uhuru wa Kongo, Butembo nzima iliugua ukarani. Viti vya ofisini walivyoviacha Wazungu vilibaki wazi, na kila mzazi alimwona mwanawe ameshakalia kimoja, kalamu sikioni. Salomon, tapeli kutoka Kipese, aliiona homa hiyo, akaenda moja kwa moja kwa seremala.

Siku tatu baadaye alikuwa kwa Débora, mjane muuza maharage, na sanduku la herufi za mbao nyekundu.

"Mama Tamar, hii njo ilifundisha batoto ya bazungu kule Stanleyville. Mwalimu yao nilikuwa mimi! Mutoto anaichezea hapa nyumbani mwezi moja tu, anasoma gazeti."

Tukiri kwa heshima zote: Salomon hakuweza kusoma hata jina lake. Ulimi tu ndio aliokuwa nao.

Akapanga herufi tano mkekani. Tamar, binti wa Débora mwenye miaka mitano, akaigeuza A iliyosimama kwa kichwa.

"Mwalimu, hii ilianguka."

"Eh! Niliiangusha kusudi, nione akili yako."

Débora, aliyezoea kuwasomea Injili akina mama wa kanisa, aliona, akaendelea kuchambua maharage yake.

"Franka sina," akasema. "Mais, lakini kuko baiskeli ya marehemu bwana yangu, kule mji wa Beni, kwa kaka yangu Zorobabel. Nitakuandikia barua ya kumupelekea."

Baiskeli! Miaka kumi Salomon alikuwa amewatapeli watu kwa miguu, na miguu ilikuwa imechoka kuliko yeye. Akaliacha sanduku, akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Ndani ya lori la kwenda Beni hakuthubutu kumwomba mtu amsomee. Mwalimu mzima wa Stanleyville?

Zorobabel, mwalimu wa darasa la kwanza, aliisoma barua, akakohoa, akaifungia kabatini.

"Baiskeli je?" Salomon akauliza.

"Yote iko mu barua. Sharti moja tu: uisome mbele yangu, wewe mwenyewe."

"Leo macho inaniuma, mwalimu."

"Donc, basi tutangoja ipone."

Macho yaliuma miezi mitatu. Asubuhi Salomon aliketi nyuma ya darasa la Zorobabel kujifunza herufi, magoti karibu na masikio, watoto wakimcheka. Jioni alilima shamba la Zorobabel ili apate kula. Mara nyingi alitaka kutoroka, baiskeli ikamzuia. Lakini siku aliyosoma "mama" peke yake, alifurahi mno, akamsomea kila aliyepita barabarani.

Hatimaye kabati likafunguliwa. Salomon akasimama, kidole juu ya karatasi:

"Kaka, huyu mwalimu hajue hata A. Baiskeli hapana iko, tuliiuza wakati ya matanga. Sanduku yake ni muzuri, Tamar anaipenda sana. Umufundishe kusoma: hii njo malipo yake."

"Ninyi ni wezi!" Salomon akafoka. "Wezi wa kanisa!"

"Mais umesoma yote," Zorobabel akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Hata neno moja hukukosa."

Salomon akaitazama karatasi. Hasira ilikuwapo, tena nyingi. Ila hiyo ilikuwa barua ya kwanza aliyoisoma maishani mwake. Akarudi juu kabisa, akaianza upya kwa sauti kubwa zaidi, hata pale palipomtukana.