Supu ya Vitunguu na Mgeni wa Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni

Amepiga simu. Mwenyewe! Sikumpigia, sikumtuma mtu, sikujifanya nimekosea namba. Binti yangu, fundi umeme, mtoto wangu wa pekee, atakuja Jumamosi saa sita mchana tule pamoja. Mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Ametoa sharti moja. Nyama hali, na mchuzi uliopikwa kwa nyama pia hali. Nikasema nimeelewa. Akasema afadhali.

Niseme hapa, maana daftari halina mdomo. Mwaka jana nilimpikia maharage yenye mfupa. Nilimwona amekonda. Akauliza kuna nini humu. Nikaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni maji, chumvi na maharage. Alipopakua mara ya pili, mwiko ukagonga mfupa. Akaweka sahani chini, akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka bila kubamiza mlango. Angeubamiza ningelala vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo Jumapili zote anakula kwa mjomba wake, yaani shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Shemeji ana sauti nzuri. Ana bustani. Anajua kupika. Mtu wa namna hiyo sijui anatafuta nini tena kwa watoto wa wenzake.

Somo nililopata mwaka jana: mfupa utolewe kabla ya kupakua.

Safari hii nitapika kitu ambacho shemeji hajawahi hata kukiota. Bahati imenifuata mpaka kazini. Mimi ni msomaji prufu, yaani mrekebisha makosa ya herufi, kwenye kiwanda cha uchapaji, na wiki hii mezani pangu kuna kitabu cha mapishi. Ukurasa wa themanini na nne: supu ya vitunguu ya Kifaransa. Vitunguu, siagi, mkate, jibini. Na mchuzi wa mifupa ya ng'ombe. Moyo ukashuka. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo: asiyekula nyama atumie miso.

Nikalikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "mizizi?" Mwenzangu anayepanga kurasa akanirudishia karatasi. Akasema miso ni miso, soya iliyovundikwa kwa chumvi miezi mingi mpaka ikawa laini kama udongo wa mfinyanzi, na kila mtu anajua. Nimesoma prufu miaka ishirini na sita na sikujua. Kwa hiyo si kila mtu.

Jumanne, 10 Juni

Duka la kwanza nikaomba miso. Muuzaji akaniletea miswaki. Watu walikuwa wamejaa nyuma yangu. Nikanunua miwili, sikutaka waone mtu mzima hajui alichofuata dukani.

Duka la pili hawakuwahi kuisikia. Duka la tatu, lile la vyakula vya nje, ilikuwepo, kopo la kilo nzima. Kwa rangi ni kiwi cha viatu. Sikuweza kungoja. Ngazini nikafungua, nikachovya kidole. Kwanza chumvi. Halafu kitu kama uyoga. Halafu, mwishoni kabisa, nyama! Nikasimama katikati ya ngazi. Huu ulikuwa ujanja wa hali ya juu, na hata sikuubuni mimi.

Jirani wa mlango wa pili akanikuta hapo hapo, kidole mdomoni. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mpole anayeishi peke yake. Akauliza ninakula nini. Nikamwambia ni kiwi. Sijui kwa nini. Mdomo wangu una haraka kuliko mimi. Akakiangalia kidole, akaniangalia mimi, akaniambia nipumzike.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la kwanza. Kitabu kinasema vitunguu vikatwe vyembamba, vikaangwe kwa moto mdogo saa nzima, mtu asibanduke, mpaka viwe na rangi ya kahawia na utamu wake utoke. Saa nzima! Mtu anasimama saa nzima mbele ya kitunguu akifanya nini? Nikapandisha moto, nikaenda kusoma gazeti.

Vimeungua. Moshi ulijaa mpaka chumbani. Mwalimu akagonga akiwa na ndoo ya maji. Nikafungua mlango upana wa kiganja, nikasema ni hitilafu ya umeme. Akasema basi nimwite binti yangu, si ndiyo kazi yake. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Akasema chini ya ule moshi kulikuwa na harufu nzuri, na kwamba tangu mke wangu afariki hajasikia harufu ya kitunguu ghorofa hii. Akauliza kama nina wageni.

Nikasema hapana. Akabaki amesimama na ndoo yake. Nikamshukuru, nikafunga.

Marehemu alikuwa akikata vitunguu ananiita nimsomee habari za gazetini. Hakuwa anapenda habari. Miaka kumi na tisa nilidhani anazipenda. Leo nimekata peke yangu na nimelia sana. Lakini vilikuwa kilo mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio la pili. Nilisimama saa nzima. Vitunguu vikalegea, vikanywea, vikawa rangi ya kahawia kama alivyoagiza mwandishi. Nikatia maji, nikatia miso, nikachemsha kwa nguvu zote, maana mchuzi ni mchuzi. Nikaonja. Hakuna kitu! Nikaongeza miso. Nikaongeza tena. Ikawa chumvi tupu.

Ilibidi nitumie akili. Shemeji anajua mambo ya jikoni, lakini shemeji hatakiwi kujua kwamba mimi sijui. Nikampigia. Nikaulizia bustani. Akanieleza bustani kwa dakika kumi na nne. Ndipo nikasema, kama jambo lililonijia tu, kwamba nina rafiki kazini anasumbuliwa na miso. Akauliza rafiki gani. Nikasema hamjui.

Akasema nimwambie huyo rafiki kwamba miso haichemshwi, ikichemka ladha inakufa. Azime jiko kwanza. Achote mchuzi kikombe kimoja, akoroge miso humo mpaka ilainike, ndipo airudishe sufuriani. Na atie siki matone mawili. Nikaandika yote. Nilikuwa tayari kukata simu.

"Shemeji," akasema, "mtoto anakuulizia kila Jumapili. Njoo nawe siku moja tule wote."

Nikamwambia simu inakatika. Nikaikwaruza kwa kifuniko cha kopo ili asadiki. Nimelifikiria hilo neno jioni nzima na bado sijaona mtego wake uko wapi. Lakini upo. Mtu hagawi ushindi wake bure.

Ijumaa, 13 Juni

Jaribio la tatu. Nimeweza.

Nimeweza! Vitunguu saa nzima na robo. Maji. Majani makavu yenye harufu, yale kitabu kinayaita thaimu. Jiko nimelizima, miso nimeikoroga kwenye kikombe, siki matone mawili. Vipande vya mkate uliobanikwa juu yake, jibini juu ya mkate, kisha kwenye oveni mpaka jibini likatoa mapovu. Nikaonja nikakaa chini. Ungeapa kwamba ng'ombe amepita humo, na hakupita hata kwato.

Nikaandaa mabakuli mawili ili nione meza itakavyopendeza kesho. Langu huku, lake kule. Nikala langu. La pili likawa linatoa mvuke mbele ya kiti kitupu. Nikalisogeza, nikalila nalo. Supu haingoji.

Halafu hofu ikanishika. Leo imekubali, kesho je? Vitunguu vina siku zake. Nikashuka buchani nikanunua mfupa mmoja, nikauficha kwenye friza nyuma ya barafu. Si kwamba nitautumia. Mwenye busara hutembea na mwavuli hata jua likiwaka.

Jumamosi, 14 Juni

Supu ilikuwa tayari saa tano na nusu. Mfupa sikuugusa. Niandike tena kwa herufi zinazosomeka: mfupa sikuugusa.

Saa sita, kimya. Saa sita na robo, kimya. Saa sita na nusu nilikuwa nimeshatunga hotuba kuhusu watoto wa siku hizi na saa. Ndipo mlango ukagongwa. Nafungua, nakuta mwalimu wa hesabu, na nyuma yake binti yangu. Kumbe alikuwa nje nusu saa akibonyeza kengele, na kengele imekufa. Alikuwa anaondoka akidhani sikutaka kufungua, mwalimu akamkuta ngazini akamrudisha.

Akaniuliza kengele imekufa tangu lini. Ningejuaje? Kengele hujulikana na wageni.

Akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi, akakata kipande cha waya kilicholiwa na kutu, akaunga upya. Dakika tano. Ilipolia nilishtuka. Akamkaribisha mwalimu tule wote. Mwalimu akautazama uso wangu, akasema ameshakula.

Tukakaa. Akavunja jibini kwa kijiko. Akala kijiko cha kwanza akafumba macho, kama mama yake. Akala cha pili. Kisha akaweka kijiko.

"Baba, humu hakuna nyama?"

"Hakuna."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Ukweli una ladha ya ajabu mdomoni kama hujauzoea. Nilijisikia mrefu. Akacheka kidogo, akainuka kutafuta barafu ya maji ya kunywa. Nilikuwa bado najisikia mrefu nilipokumbuka. Nikainuka, goti likagonga meza. Nilikuwa nimechelewa.

Alirudi na mfuko wa bucha. Akauweka mezani kati ya mabakuli mawili. Mfupa ulikuwa na ugumu wa jiwe, haujapungua hata chembe, lakini nani angeniamini?

"Naapa..." nikaanza.

"Usiape, Baba."

Akasimama amekamata kiti. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka jana sikuondoka kwa sababu ya mfupa. Niliondoka kwa sababu uliapa kwa Mama."

Nilitafuta jibu. Kwa kawaida huwa ninayo matatu. Nikatazama supu yake ikipoa, nikajua zimebaki sekunde chache kabla hajachukua mkoba. Kwa hiyo nikasema maneno ambayo sikuwahi kupanga kuyasema maishani.

"Mpigie mjomba wako."

Akampigia, akaweka spika. Akamuuliza kama anajua lolote kuhusu mimi na supu. Shemeji akasema hapana. Akasema yeye anachojua ni kwamba Alhamisi nilimpigia kuhusu rafiki wa kazini anayesumbuliwa na miso, na kwamba rafiki huyo alikuwa anapiga kelele za kukwaruza kopo. Akaomba asalimiwe huyo rafiki, na kama supu imekubali aambiwe hongera.

Binti yangu akakata simu. Akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kumbe vyote viwili. Akauliza mfupa basi wa nini. Nikasema wa wasiwasi. Akauchukua, akaurudisha kwenye friza, akakaa, akamaliza bakuli, akaomba la pili.

Tuliosha vyombo pamoja. Mimi nikasuuza, yeye akafuta. Alibaki mpaka saa kumi. Mlangoni akasema, "Kesho njoo kwa mjomba. Saa saba. Nitakuwekea kiti."

Nikasema nitaangalia ratiba yangu.

"Ratiba gani, Baba?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Jumapili, 15 Juni

Nilivaa shati jeupe. Nilinyoa. Nikachukua kilichobaki cha miso kiwe zawadi, maana mikono mitupu si adabu. Saa saba kasoro dakika tano nilikuwa langoni kwa shemeji.

Dirisha lilikuwa wazi. Meza ilikuwa imeandaliwa sahani tatu. Kiti kimoja kitupu. Shemeji akatoka jikoni na sufuria kubwa, na upepo ukaniletea harufu mpaka langoni. Supu ya vitunguu! Supu yangu! Mwizi wa mchana kweupe! Ni kweli alinielekeza yeye jinsi ya kuipika, lakini wazo lilikuwa langu, ukurasa wa themanini na nne.

Binti yangu akatazama saa. Akatazama langoni. Nikachutama nyuma ya ua. Nikafikiri. Nikiingia, nitakuwa mgeni wa shemeji kwa mwanangu mwenyewe. Nitakula, nitasifia, na kila Jumapili nitasifia tena. Hapana. Nikaondoka nimeinama mpaka kona.

Nyumbani nikapata mpango bora. Nikampigia binti yangu, nikakohoa.

Akasema wananingoja, hawajapakua. Nikakohoa tena, nikasema kifua kimebana tangu alfajiri. Akasema basi wanakuja wote wawili na supu. Nikamwambia ugonjwa huu hauruhusu wageni wawili, unaruhusu mmoja.

Nilisikia vijiko kwa mbali.

"Baba," akasema, "mjomba amekuona langoni. Rudi. Kiti bado kipo."

Nikakohoa mara moja zaidi, ili kikohozi kisionekane kimekatika ghafla. Nikaaga.

Sasa ni saa tisa. Nimekula mkate na jibini nimesimama. Nyumba imetulia sana. Nimepitia mambo yote kwa utulivu na nimeona nilipokosea. Kosa lilikuwa kikohozi. Kikohozi mtu anaweza kukipima kwa sikio. Jumapili ijayo nitaumwa mguu. Mguu hausikiki kwenye simu, na mtu mwenye mguu mbovu hakuna atakayesema amemwona langoni.