Kabureta, Boneti na Harusi ya Ursula

Jumatatu, 9 Juni 1986

Gari limekamilika! Yaani, limekaribia. Limebaki jambo dogo: injini haijatulia. Lakini ukilitazama kwa pembeni, jekundu, limelala chini, kama lile la mbio la Wataliano kwenye kalenda ya paroko, unaweza kulia. Bodi yote nimeifua mwenyewe kwa bati la mapipa. Injini nimeitoa kwenye pikapu iliyokufa zamani.

Jumamosi mdogo wangu wa mwisho, Ursula, anaolewa Butiama. Atatoka Musoma hii ndani ya gari hili. Dada yetu mkubwa, Hyasinta, alipelekwaga kanisani juu ya magunia ya pamba, akashuka na nyuzi kichwani. Watu walimcheka, mimi mtoto nikiona. Nikaapa. Sasa baba hayupo, aibu ya Ursula ni yangu.

Hamduni wa duka la vitenge amepita na pikapu yake mpya ya Kijapani, honi juu. Tangu serikali iruhusu watu kuagiza vitu vyao, huyu bwana hatulii! Ameuliza kama hiki ni chombo cha kuvulia furu. Nimemwambia akabebe vitunguu.

Jumanne, 10 Juni

Ugonjwa nimeujua. Injini niliilaza ili ienee chini ya boneti, kwa hiyo kabureta imeinama. Ikiinama, petroli inafurika, injini inakabwa. Dawa: kabureta ilale sawasawa. Nimeweka pimamaji juu yake, nikachonga kabari ya mninga, nikaisukuma chini ya kabureta mpaka kile kipovu kikakaa katikati kabisa. Fundi ni fundi!

Mke wangu Jenoveva ameuliza kwa nini nisilisukume gari kwanza mahali tambarare, maana uwanja wetu ni mteremko, pua ya gari inatazama kilimani. Eti hata ndoo ikikaa pale inamwagika. Nimemweleza kwa upole kwamba pimamaji ni kipimo cha kitaalamu, hakijali uwanja. Amecheka, akaenda kuanika dagaa.

Jumatano, 11 Juni

Kabari imeinua kabureta. Je, boneti itafunga? Kuchungulia ndani haiwezekani ikishafungwa. Nikapata akili. Nimechukua tonge la ugali wa udaga, la moto, nikaliweka juu ya kabureta, nikashusha boneti taratibu, nikaifungua tena. Unene wa ugali ndiyo nafasi iliyobaki. Vidole vinne! Nafasi tele! Nikaongeza kabari ya pili chini ya ile ya kwanza, kwa uimara.

Alhamisi, 12 Juni

Boneti haifungi. Nimeikalia, haifungi. Jenoveva amechungulia akasema ugali wa muhogo unanata. Ulishika bati, nilipoinua boneti ukavutika, na mimi nikapima ulivyovutika. Amesema ningetumia wa mahindi. Mtu hawezi kufikiria kila kitu.

Nimekata tundu kwenye boneti. Kabureta imetokeza kichwa. Juu yake nimefunika sufuria, nikaipaka rangi nyekundu. Sasa linatisha, kama gari la mbio kweli. Sufuria ilikuwa ya Jenoveva, ile kubwa. Nimekula muhogo mbichi.

Ijumaa, 13 Juni

Majaribio. Nimepanda kilima chote mpaka juu bila kukohoa hata mara moja! Watoto wamekimbia nyuma wakachoka. Kurudi nimezima injini, nikaserereka, kuokoa petroli, maana siku hizi kuipata ni kwa kibali na kwa kujuana. Hamduni ametuma salamu kwamba pikapu ipo kama kuna shida, bure. Bure yake akae nayo.

Jumamosi, 14 Juni

Tumetoka asubuhi, Ursula na shela yake pembeni yangu. Ajabu: kwenye mlima gari linapona, kwenye tambarare linaugua. Tulipoiacha njia kuu kushika ya Butiama, likakohoa, likazima. Petroli inatiririka. Bibi harusi ananuka kama kituo cha mafuta.

Hamduni akatokea na pikapu, shangazi zetu na kwaya nyuma. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoumia. Amesema kiti cha mbele amekitandika kitenge, bibi harusi apande. Nimemwambia Ursula aende. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ursula amekataa. Amesema amesikia nyundo yangu kila jioni tangu mwaka jana, na hashuki. Nimelia mbele ya kwaya nzima.

Hamduni akatoa kamba. Hapana! Kuvutwa na Hamduni mpaka kanisani? Bora nilibebe gari kichwani. Wakati huo anapita mzee Masatu, anasomba pamba kwa maksai. Ng'ombe hawana majivuno. Mzee ameacha mkokoteni kando, akawafunga maksai wanne mbele ya gari.

Jamani! Tumeingia Butiama polepole, gari jekundu, mzee Masatu mbele na fimbo, mimi nimeshika usukani kwa heshima. Vigelegele mpaka padri akatoka nje. Wazee wa Mwitongo, upande wa bwana harusi, wamesema hawajawahi kuletewa mke namna hii, na nyongeza ya maksai wanne. Dada Hyasinta amecheza mbele ya ng'ombe mpaka kilemba kikaanguka. Ursula amenishika mkono akasema asante kaka, umenifikisha. Sijawahi kufurahi hivi maishani mwangu.

Jumatatu, 16 Juni

Wageni kutoka Bunda! Wana harusi mwezi ujao, wanalitaka gari. Lakini wanalitaka pamoja na maksai, pembe zipakwe rangi. Kuhusu injini hawajauliza hata neno moja. Nimekasirika. Nimewaambia gari la mbio halivutwi na mifugo, mimi ni fundi, si mchungaji. Jenoveva amenivuta pembeni, amenisihi nikubali ng'ombe. Nimemweleza kwamba ng'ombe wale ndio walioniharibia. Bila wao watu wangeiona injini.

Wageni wamekubali gari bila ng'ombe, kwa shingo upande. Nitaendesha mwenyewe mpaka Bunda. Nimeiulizia njia: hakuna kilima hata kimoja cha kunisumbua, yote ni tambarare.