Roho Safi Mia za Mfereji wa Saen Saep

Kraison alikuwa amechoka kufika kazini ananuka mfereji. Kila asubuhi mashua ya Saen Saep ilipopishana na mwenzake, maji meusi yaliruka, abiria wa pembeni wakavuta kamba kuinua turubai, na bado tone la mwisho lilitafuta shati lake. Akaapa atanunua pikipiki. Pesa hakuwa nazo, ila ulimi alikuwa nao, tena wa kukopesha.

Siku moja alimkuta karani mmoja omoni, mbele kabisa ya mashua, akimbembeleza Bibi wa Mashua, mzimu anayelinda chombo na kuvishwa mashada ya maua, amtajie namba ya bahati nasibu. Kraison akasogea.

"Dada, Bibi kanijia ndotoni. Kasema uchukue sabini na mbili. Ukipata, usinisahau. Ila ukimwambia mtu, namba inakimbia."

"Mbona mimi?"

"Kasema una roho safi."

Dada hakubisha. Nani atabishia jambo kama hilo?

Sasa, namba zenyewe ziko mia tu, kuanzia sifuri sifuri mpaka tisini na tisa. Kraison akatafuta roho safi mia, kila moja akaipa namba yake. Mmoja lazima angepata, na huyo ndiye angemnunulia pikipiki. Namba ya mwisho, arobaini na moja, alimpa Bi Lamyai, kondakta mwenye kofia ngumu anayetembea ukingoni mwa mashua kama yuko sebuleni kwake. Alimpa yeye kwa sababu abiria walikuwa wamemwishia.

Ikatoka arobaini na moja.

Kesho yake Kraison alipanda na shati jeupe, jipya, akakaa pembeni kungoja shukrani. Bi Lamyai akaja na sinia la mayai ya kuchemsha, mlima mzima, akampita, akaliweka omoni kama sadaka. Akamvisha Bibi mashada mapya, kisha akamchezea ngoma kidogo, kofia ikiyumba kichwani.

"Shangazi, na mimi je?" Kraison akauliza.

"Wewe kama nani?"

"Namba si nimekupa mimi?"

"Kanipa Bibi. Wewe ulikuwa mdomo tu, na ulisema mwenyewe."

Pikipiki ikawa inamponyoka hivi hivi, anaiona. Hasira zikampanda, akasahau kunong'ona. "Bibi gani? Ndoto nimeitunga mimi, kwa kichwa changu hiki!"

Abiria wakatega masikio mashua nzima.

"Kumbe," akasema yule karani, aliyekaa ubavuni mwake na kamba ya turubai mkononi. "Na sabini na mbili yangu?"

"Mimi kumi na tisa," akasema mzee wa nyuma. "Nikaambiwa nina roho safi."

"Hata mimi ninayo," akadakia mwingine.

Roho safi zote zikamgeukia. Kraison akatazama gati, liko mbali. Akatazama mbele, mashua nyingine inakuja mbio.

"Dada, turubai," akasema kwa upole. "Vuta turubai."

Karani alifungua mwavuli wake kwanza, akajikinga vizuri. Kisha akaiachia kamba.

Walipofika gati la Pratunam, Kraison alishuka akichuruzika, shati limekuwa rangi ya mfereji. Bi Lamyai akamfuata na yai moja.

"Chukua. Bibi kasema mdomo nao ulishwe."

Kraison akalipokea, maana njaa haina aibu. Bi Lamyai hakuurudisha mkono.

"Na nauli," akasema, "bado hujatoa."