Malalamiko Kuhusu Ndovu Nambari Kumi na Nne

Samuel Muinde,
Kijiji cha Kwa Mutiso, upande wa Ndara,
Voi.

Kwa Bi Carolyne Ndila,
Mpangaji Mkuu,
Ofisi ya Mpango wa Mwaka 2055,
Voi.

Kwako Bi Ndila, uliyekabidhiwa miaka yetu thelathini ijayo,

MINTARAFU: NDOVU NAMBARI KUMI NA NNE KUPENDELEWA KULIKO MIMI

Pokea salamu zangu nyingi za heshima. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mkulima wa pojo na mtama, mume wa mke mmoja, na mwenyekiti mstaafu wa kamati ya maji. Nilistaafu maji yalipokwisha. Sijawahi kuishtaki serikali wala kugombana na mnyama. Barua hii nimeiandika mara mbili ili hasira ipungue, na hii unayoisoma ndiyo iliyopungua.

Nilihudhuria mkutano wenu wa kutoa maoni kuhusu Mpango wa Barabara, Ardhi na Maendeleo Endelevu. Nilifika saa mbili kamili kama tangazo lilivyosema, nanyi mkafika saa tano, jambo ambalo silitaji kwa ubaya, kwa maana anayepanga miaka thelathini hawezi kuhangaishwa na saa tatu. Afisa wenu Valentine alitueleza vizuri sana kwamba barabara kuu mpya itapita chini ya kijiji chetu, na kwamba njia yetu ya miguu itageuzwa kuwa ushoroba, yaani mapito ya kudumu ya ndovu, ambamo binadamu hataruhusiwa kukanyaga. Nilipoinua mkono nilipewa kikaratasi cha manjano, ukubwa wa kiganja, niandike maoni yangu. Kikaratasi kilijaa nikiwa bado kwenye "Mheshimiwa". Ndiyo sababu nimekuja kwa njia hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndovu ameulizwa, mimi sikuulizwa. Ripoti yenu, ukurasa wa arobaini na moja, inasema kwamba Ndovu Nambari 14 alifuatwa kwa setilaiti miezi kumi na minane, mchana na usiku, ili ijulikane anapenda kupita wapi. Sisi watu wa Kwa Mutiso tulifuatwa asubuhi moja, tena kwa soda yenye joto. Hakuna setilaiti iliyowahi kutaka kujua naelekea wapi, ilhali nina njia zangu, nina mazoea yangu, na nimekuwa na mwelekeo maishani kumshinda huyo mnyama.

2. Ndovu huyo amepewa upana wa mita sitini, nyasi za kupandwa, na njia ya kupita chini ya barabara kuu iliyoinuliwa kiasi kwamba akitaka kupita na mwavuli atapita. Njia yetu ya miguu huanzia karibu na kibanda changu cha kuku, ikapita mashine ya kusaga, ikapita kanisani, ikaishia dispensari. Ni kilomita nne. Tuliifyeka wenyewe kwa panga, na upana wake ni wa mtu mmoja na mwenzake akiwa nyuma. Mpango wenu ukipita, nikitaka kufika dispensari itanibidi niende hadi Voi mjini, nizunguke kiplefti, nirudi kwa upande wa pili: kilomita kumi na tisa. Hata hivyo siwezi kwenda, kwa sababu kwenye ramani kuna picha ya baiskeli iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Niliitazama kwa karibu, nikaona imechorwa mpaka keria, na roho iliniuma.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mke wangu Penina ana presha, na mguu wake wa kushoto unavimba. Jumanne ya tatu ya kila mwezi nampeleka kliniki kwa baiskeli, yeye amekaa kwenye keria. Kwa njia yetu tunafika tukiwa bado tunasemezana. Kwa kilomita kumi na tisa hatafika, na hilo nalisema bila kulipamba. Mtaniuliza kuhusu bodaboda. Alipanda mara moja, akashuka na presha mpya. Mimi nampenda mke wangu, Bi Ndila, neno ambalo sijawahi kuliandika kwenye barua rasmi, na kliniki asiyoweza kuifikia ni kliniki ya bure kwa wengine tu.

4. Tabia za Nambari 14 hazijachunguzwa ipasavyo. Ripoti inamsifu kwamba ni "mnyama mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano". Nidhamu gani? Kila Jumamosi huenda kwenye mashine ya kusaga na kukaa saa nzima, nanyi mmeandika kwamba huvutiwa na pumba. Mimi husaga kila Jumamosi, nimepanga foleni hapo miaka nenda miaka rudi, na sijaona ndovu kwenye foleni. Kila Jumapili huwa kando ya kanisa kuanzia saa tatu hadi saa saba, na mtaalamu wenu amesema anafuata kivuli. Bi Ndila, kivuli hicho ndimo ninamoegesha baiskeli yangu. Sijamwona. Sijaona hata kinyesi chake. Mnyama anayeweza kuhudhuria ibada nzima pasipo mtu yeyote kumtambua ni mnyama mwenye hila, na hila si maendeleo endelevu.

5. Kwa mujibu wa jedwali lenu, kila Ijumaa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ndovu huyu hupumzika kwenye machimbo ya mawe, nyumbani kwa Kimanzi. Kwa hiyo mmetenga ekari mbili hapo ziwe "eneo tulivu la mapumziko ya wanyamapori". Mimi mahali hapo napajua kwa kusikia tu. Saa hizo huwa niko kwenye kikao cha wazee wa kanisa, kama mke wangu anavyojua. Lakini nimesikia kwamba hapo hakuna maji, hakuna majani, hakuna chochote ila benchi moja, ubao wa drafti na vifuniko vya soda, na kwamba Kimanzi hajashindwa tangu mwezi wa Agosti, kwa wizi. Ndovu anatafuta nini huko? Na Kimanzi ahamishwe kwa kosa gani, kabla ya watu fulani kupata nafasi ya kumlipiza?

6. Sasa naja kwenye jambo la uzito. Ukurasa wa arobaini na nne unasema kwamba mara moja kwa mwezi, siku ya Jumanne, Nambari 14 hutembea polepole kuliko kawaida, husimama mara tatu njiani, na kwamba kutokana na uzito huo "huenda ni jike mwenye mimba". Mkamhurumia. Mkampangia vituo vitatu vya kupumzikia, kila kimoja na mti wa kivuli na birika la maji. Niliposoma hapo niliiweka ripoti chini, nikatoka nje, nikarudi. Njia ile ile, siku ile ile, mke wangu huomba kushuka mara tatu apumzishe mguu, na hakuna hata jiwe la kukalia. Hukaa chini kwenye vumbi, kanga yake ya kliniki ikiwa imetandikwa, na mimi nimesimama upande wa jua ili nimkinge. Miaka minne sasa. Hakuna mtu aliyeandika ukurasa. Ndovu anapewa birika kwa sababu anashukiwa mimba, ilhali Penina hashukiwi, ana cheti cha daktari.

7. Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kuleta suluhisho, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, kuanzia mwezi wa Julai, mimi na mke wangu tuhesabiwe kama ndovu. Tuko tayari kuhesabiwa kwa ndege. Siku ya hesabu tutatoka nje na kusimama mahali peupe, jambo ambalo ndovu wengi hawafanyi. Pili, kama nafasi za ndovu zimejaa, niandikishwe kama ndama wa Nambari 14, kwa makubaliano kwamba sitanyonya. Tatu, kijiji chote cha Kwa Mutiso kisajiliwe kama kundi moja la nyumba thelathini na mbili. Chifu akubali kuitwa kiongozi wa kundi. Kwa kawaida kiongozi huwa jike mzee, lakini hilo tutalizungumza naye taratibu. Nne, kama haya yote yatashindikana, basi Nambari 14 aitwe kwenye kikao cha wazi, asimame mbele yetu, aeleze yeye mwenyewe anaenda dispensari kufanya nini.

Tunajua maendeleo ni lazima. Hatupingi barabara, hatupingi wanyama, na mwaka 2055 hatuupingi pia, ingawa nitakuwa na miaka tisini na saba na sitautumia sana. Tunachoomba ni njia ya mtu mmoja na mwenzake akiwa nyuma.

Nisalimie afisa Valentine, dereva wenu aliyelala wakati wa maombi ya kufungua mkutano, wachora ramani wote, na yeyote yule anayekaa na hiyo setilaiti. Wa kwangu hawajambo. Binti yetu Linet aliye Taveta anawasalimu pia, ingawa hajui kwa nini.

Ni mimi, ninayepita chini yenu kwa heshima,

Samuel Muinde

Tanbihi: Bi Ndila, nilikuwa sijaifunga bahasha. Kama ilivyo desturi ya nyumba hii, nilimpa Penina asome kwanza, aangalie makosa. Alisoma kimya mpaka namba ya sita, akavua miwani, akaitazama baiskeli iliyoegeshwa mlangoni, akasema, "Baba Linet, hiyo Jumanne ni mimi."

Yapata miaka miwili iliyopita niliokota mkanda mweusi porini, mpana, mnene, umefungwa bonge zito la chuma. Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha katani miaka kumi na tisa, na mkanda wa mashine ya katani naujua hata nikiwa nimefumba macho, kwa hiyo nilijua papo hapo kwamba umeanguka kutoka kwenye lori la katani. Nimekuwa nikiutumia kufungia mizigo kwenye keria. Bonge lile nilidhani ni la kuuzuia mkanda usipeperuke. Limeandikwa 14, nikadhani ni saizi. Penina amelitazama vizuri kwa miwani. Limeandikwa pia "mali ya utafiti wa wanyamapori", kwa herufi ndogo, na lina taa ya kijani inayowaka na kuzimika.

Kumbe nilikuwa naulizwa kila siku, na nilikuwa najibu. Kisha Penina akaniuliza kuhusu Ijumaa.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, namba moja hadi saba, pamoja na neno "hila". Naomba mpango uachwe kama ulivyo, msiguse mstari wowote: mita zote sitini, njia ya chini ya barabara, vituo vitatu na mabirika. Kitu kimoja tu cha kubadilisha ni ile sheria ya kumkataza binadamu, kwani ndovu wenu ni yeye. Eneo tulivu la Kimanzi mnaweza kulifuta, limekwisha kufutwa hapa nyumbani. Na Penina, ambaye ana miaka sitini na mmoja, ameomba nieleze kwa maandishi kwamba hana mimba.

Anasema pia kwamba mkanda ni mali ya watu na lazima urudishwe. Utarudishwa, nitauleta mwenyewe ofisini. Ila naomba mnipe hadi Jumatano, kwa sababu Jumanne tuna kliniki. Tutapita polepole kama kawaida, lakini safari hii mtaona tumesimama mara nne. Amekiri leo kwamba kuna mahali baada ya korongo ambapo mguu humuuma kuliko kote, na miaka minne hii hajawahi kuniambia nisimame kwa sababu ananiona nimechoka. Tutasimama hapo muda mrefu, ili setilaiti ipaone vizuri. Tafadhali pandeni mti.