Dawa ya Maji na Kuku wa Johari

Hakuna aliyemtarajia Mansuri mjini Singida, na yeye mwenyewe hakutarajia kufika. Basi alilopanda lilikuwa la Mwanza. Njiani kondakta aligundua kwamba tiketi yake ilikuwa ya mwaka uliopita, akamshusha stendi yeye na begi lake jeusi. Mwingine angelia. Mansuri alikung'uta koti, akaangaza macho, na kabla hajafunga vifungo alikuwa ameshaiona riziki yake.

Riziki yenyewe ilikuwa inaruka juu ya madumu ya mafuta ya alizeti, mbele ya duka lililotazamana na stendi. Ilikuwa mvulana mwembamba, na chini yake mama yake, Johari, mwenye duka, alikumbatia trei la mayai ambalo nusu yake ilikuwa imeshageuka uji.

"Abdulrazaki! Shuka! Hivi wewe umemeza betri?"

"Nashuka, mama!" Akashuka, akapanda magunia ya vitunguu.

Siku hizo soko lilikuwa huria. Kila mtu alikuwa huru kuuza alicho nacho, na Mansuri aliamini kwa dhati kwamba uhuru huo uliwahusu pia wasio na kitu. Alinunua asali kwa mchuuzi wa stendi, akaenda nyuma ya kibanda cha chai, akaichanganya na maji na ndimu, akaimimina kwenye chupa ya kahawia yenye maandishi ya Kizungu. Chupa ilikuwa ya kweli. Aliitoa, tuseme hivyo kwa heshima yake, katika kliniki ya watoto ya Dokta Fabiano huko Dar es Salaam, alikokuwa mfagiaji. Daktari huyo mpole alirudia maelezo yale yale kwa kila mzazi, mpaka ufagio nao ukayajua.

"Asalaam aleikum, dada," alisema akiingia dukani, begi mkononi kama daktari. "Huyo mtoto si mtundu."

Johari aligeuka taratibu. Tangu amzae Abdulrazaki alikuwa hajasikia maneno hayo.

"Mtundu anaweza kutulia, anakataa," Mansuri aliendelea. "Huyu anataka kutulia, hawezi. Akili yake ni gari imara, ila breki zimesinzia. Dawa hii inaziamsha."

"Kumbe ni ya kuchangamsha?"

"Ya kuchangamsha."

"Kaka, huyu nimchangamshe tena? Si atapanda mnara wa simu?"

"Inachangamsha breki, dada, si injini." Maneno hayo yalikuwa ya Dokta Fabiano, lakini yalimkaa Mansuri vizuri kuliko koti lake. "Ni ya maji kwa sababu watoto wengi vidonge vinawakwama. Tikisa chupa kwanza. Pima kwa kibomba hiki cha plastiki, si kijiko cha chai, maana vijiko havilingani. Mpe asubuhi akishakula, kwa kuwa hamu ya chakula hupungua. Jioni usithubutu, atakesha na wewe utakesha. Halafu haiponyi, inasaidia tu. Wewe bado utamgawia kazi vipande vidogo vidogo, na fimbo uiweke mbali."

Palikuwa na sentensi moja ya Dokta Fabiano aliyoiruka. Aliiruka kila mara, kila mji.

Johari alichovya kidole, akalamba. Aliituliza ladha ile mdomoni huku ametazama dari, kama kadhi anayemsikiliza shahidi wa mashaka.

"Tamu," Johari alisema mwishowe. "Pesa sina, dokta. Nitakupa kuku."

Kuku wa Singida! Dar es Salaam watu wanawagombea. Wakakubaliana tenga zima, alichukue Jumamosi alfajiri kabla basi halijaondoka.

Alipokuwa anatoka, mvulana alimzuia mlangoni, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, mjomba. Nikinywa nitamaliza ukurasa? Mwalimu Mathayo amesema Jumatatu nisome ukurasa mzima bila kunyanyuka. Nikishindwa, nisirudi tena shuleni."

"Marahaba. Utamaliza."

"Utakuja kunisikiliza? Watu husema watakuja."

"Jumamosi asubuhi nitakusikiliza, ukurasa mzima," alisema Mansuri. Alikuwa ameshaahidi watu viwanja, ndoa na kazi melini. Hii ilimtoka bila hata jasho.

Jumamosi alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, Johari alimkabidhi tenga kwa adabu iliyozidi kidogo. "Safari njema, dokta."

Stendi basi lilikuwa linanguruma. Utingo alilinyanyua tenga, kitako kikabaki chini. Kuku wakatoka. Hawakukimbia. Waliongozana, jogoo mbele, wakavuka barabara kama wafanyakazi waliomaliza zamu.

Wapiga debe waliangua kicheko. "Mzee, umeuziwa wale? Hao wameuzwa mara nyingi kuliko shati la mtumba! Kamba ya tenga Johari anailoweka kwenye uji wa mtama. Wanaidonoa mpaka inakatika, wanarudi kwao!"

Mansuri naye alicheka, maana kazi nzuri aliiheshimu.

"Panda au baki!" alifoka kondakta. "Jingine mpaka kesho!"

Tiketi yake safari hii ilikuwa halali, kiti cha dirishani. Tapeli mwenye akili harudi kwenye nyumba ambako dawa yake imeshaonjwa. Aliweka mguu kwenye ngazi ya basi. Hapo akakumbuka ahadi yake ya Jumamosi, akamwona akilini yule mtoto aliyesimama kwa mguu mmoja: watu husema watakuja. Alijitukana kimoyomoyo, kwa Kiswahili fasaha, akashusha mguu.

Kuku walimtangulia kufika. Abdulrazaki alikuwa kizingitini na kitabu, na Johari nyuma ya mizani.

"Umefuata kuku?"

"Nimefuata ukurasa." Mansuri alikohoa. "Dada, ile dawa ni asali."

"Ni asali yangu! Yule mchuuzi mimi ndiye ninayempa, na sukari iliyochanganywa humo nimeichemsha kwa mkono huu. Kutapeliwa kwa utapeli wangu mwenyewe, kaka, kumeniuma."

"Sasa mbona ulilipa?"

"Nililipa nini? Kuku si hao?" Kisha akashusha sauti. "Ila maneno yako hayakuwa na sukari. Uliyatoa wapi?"

Mansuri alitazama begi jeusi, ambalo nalo lilikuwa la Dokta Fabiano. Bila begi lile yeye si dokta wa mtu yeyote.

"Kuna sentensi niliiruka," alisema. "Mtoto hapewi dawa hii mpaka daktari ampime mwenyewe, na uzito wake, na moyo wake." Akamtajia jina la Dokta Fabiano na mtaa wa kliniki yake Dar es Salaam. "Atauliza nani kawatuma. Mrudishieni begi lake, ataelewa."

Johari alilivuta begi upande wake. "Na Jumatatu tutakwenda pamoja kwa Mwalimu Mathayo. Hizo breki utamweleza wewe."

Mansuri aliitikia, akakaa kizingitini. Akaufunika ukurasa kwa kiganja, akaacha mstari mmoja wazi. "Anza na huu. Mingine haipo."

Abdulrazaki alisoma, akanyanyuka, akagusa gunia, akarudi. Mstari mwingine. Akafukuza kuku. Mstari mwingine. Kule stendi honi ililia, na basi likapita mbele ya duka na kiti kitupu dirishani.

"Mjomba, basi lako!"

"Kaa," alisema Mansuri bila kugeuza shingo. "Tumefika katikati."

Ukurasa ulikuwa mrefu. Mansuri alikaa mpaka mwisho.